Siku Sabohat Alipomwogesha Pahta

Sabohat mshona mifarishi hakai. Sisemi hana pa kukaa, nyumba anayo, aliachiwa na mama yake hapa mtaa wa juu wa mji wetu wa Istaravshan, na ukuta wake na wangu ni mmoja. Nasema hakai kitako. Ukienda kwake atakutandikia godoro, atakumiminia chai, atakumegea mkate, na wewe ukiinua uso umshukuru unamkuta yuko mlangoni anaangalia kama theluji imekoma. Akishona hupiga magoti na uzi mdomoni, mara anainuka, anauzunguka mfarishi kama kuku anayetafuta pa kutagia, anapiga magoti upande wa pili. Alipoolewa, mume alimrudisha hata mwaka haujaisha. Alisema kuishi na Sabohat ni kama kulala stesheni ya treni. Mtaa mzima ulicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ndivyo alivyo.

Lakini kazi yake huwezi kuitia dosari. Bibi arusi wa mtaa huu asiye na mifarishi ya Sabohat huonekana kama ameolewa kwa siri. Pamba ya kujazia anaichambua mwenyewe kwa fimbo, anaitandaza kwa kiganja, na mshono wake umenyooka kuliko barabara ya kwenda bazaa.

Kiumbe kimoja tu ndicho kilichowahi kumkalisha. Paka. Alimchukua kwa ajili ya panya, maana panya na pamba wanajuana. Ni paka mweupe, manyoya marefu, macho ya rangi ya asali, na akamwita Pahta, ndiyo pamba kwa lugha yetu. Pahta akipanda mapajani, Sabohat anageuka jiwe. Nimeshuhudia mwenyewe. "Dada Oyniso, nisogezee mkasi, siwezi kuinuka, amelala." Mkasi uko karibu na goti lake! Mwanamke aliyewashinda mume na mama mkwe, paka amemkalisha.

Upande wa pili wa ua wa Sabohat anaishi wifi yake, Muhayyo. Mume wa Muhayyo, kaka yake Sabohat, yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu. Muhayyo ni mnene, mpole, mlalamishi, na akikaa amekaa. Mungu aliwagawia makalio vibaya wale wawili, mmoja akapewa yote.

Sasa nieleze ya ile siku. Ulikuwa ule wakati wa baridi ambao umeme tulikuwa tunapewa kama dawa, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Nilikuwa nimekwenda kudai mifarishi ya binti yangu Nigina. Arusi ilikuwa majira ya machipuko na mimi sipendi kukimbizana na mambo.

"Sabohat, mifarishi yangu!"

"Karibu imalizike, dada. Ingia, ingia, funga mlango. Umekula? Huo wa kitambaa cha atlasi nyeupe umebaki pindo tu. Kaa. Kunywa chai. Hivi theluji inaanguka bado?"

Ameyasema yote hayo akiwa ameshainuka mara mbili. Mifarishi ya Nigina ilikuwa imepangwa ukutani juu ya sanduku, mmoja juu ya mwingine, na ule mweupe umewekwa juu kabisa. Nilikuwa naipapasa nilipomsikia mwanamume akipiga kelele uani.

"Sabohat! Sabohat we! Paka wako kaingia kwenye oili yangu!"

Alikuwa Hikmatullo, dereva wa teksi wa nyumba ya mbele. Alikuwa amebadilisha oili ya gari, ile chafu akaimwaga kwenye beseni, akaliacha wazi kando ya geti kama kawaida yake. Shomoro alitua ukingoni, Pahta akamrukia. Shomoro akapaa, Pahta akazama.

Na Pahta mwenyewe huyu hapa, anapita chini ya mlango wa ua, mweusi tangu kifuani mpaka mkiani, anaacha alama za miguu kwenye theluji. Alifika kibarazani, akaketi, akainua mguu wa mbele, akatoa ulimi.

"Usilambe!" Sabohat alimrukia kama anazima moto. Alimshika ngozi ya shingo kwa mkono mmoja na kichwa kwa mkono mwingine. "Usilambe, we mtoto! Usilambe!"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka uliopita kuku wa mama yake Hikmatullo walikunywa kutoka beseni lilelile wakafa wote kabla ya jioni, na yule bibi aliwalilia mpaka mtaa wa chini wakasikia. Na paka haachi kujilamba. Ukimwacha na uchafu mwilini ataula wote, unywele kwa unywele, mpaka uishe.

"Mpake petroli," akasema Hikmatullo. "Mimi mikono yangu naisafisha kwa petroli kila siku, inang'aa."

"Na wewe huwa unailamba mikono yako?" nikamuuliza.

"Hapana, dada."

"Basi nyamaza. Umeshaua kuku, sasa unatafuta paka."

Alisimama pale na kofia mkononi, uso umemshuka. Si mtu mbaya, mvivu wa kufunika beseni tu.

Muhayyo naye akatoka kwake, amejifunga shali mbili. "Kuna nini? Mtamwogesha? Baridi hii? Mtoto mchanga mwenyewe siku hizi hapati maji zaidi ya usoni. Mwacheni, paka hujisafisha wenyewe."

"Kujisafisha ndiko kutakakomuua, wifi!" Sabohat alikuwa anazunguka kibaraza na paka mikononi, huku na huku, gauni lake limeshakuwa jeusi. "Nifanye nini? Dada Oyniso, nifanye nini? Niambie upesi!"

"Kwanza simama."

"Siwezi kusimama!"

"Basi tembea kuelekea ndani."

Tukaingia. Nikamwambia oili isiyokauka hunywewa na kitu kikavu, kwa hiyo tumnyunyizie unga kwanza, tusugue, ndipo maji yafuate. Sabohat akanyoosha mkono kwenye gunia la unga. Muhayyo akapiga ukelele ungedhani ameona nyoka.

"Unga! Unga wa mkate juu ya paka! Mnataka nyumba hii ikose riziki? Kaka yako yuko kwenye baridi ya watu anatafuta unga huo!"

Na hapo, nisiseme uongo, alikuwa na haki. Kwetu kipande cha mkate kikianguka chini tunakiokota na kukibusu. Mkono wa Sabohat ulirudi wenyewe. Akanitazama, macho yamemtoka.

"Pumba," nikasema. "Ng'ombe wangu ana pumba. Mshike hivyohivyo, asifike hata kwenye ukucha wake."

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, kwenye theluji, na kandambili za ndani. Niliporudi na ndoo ya pumba Sabohat alikuwa amemvika paka soksi ya sufi kichwani, ameikata ncha pua ipate kutoka. Ulimi haukuwa na njia. Nikamtazama, nikaona huyu mwanamke kumbe akiwa na wazimu ndipo akili inapomjia.

Tulimsugua kwa pumba. Weusi ulitoka kwa mabonge, tukayatupa kwenye ndoo, tukanyunyiza tena. Pahta alikuwa ananguruma ndani ya ile soksi kwa sauti ambayo sikujua paka anayo. Muhayyo alikaa mlangoni, anatuhesabia dhambi.

"Hata mimi hamkunisugua hivyo nilipojifungua."

"Wewe hukuanguka kwenye oili," nikamjibu.

Maji sasa. Birika lilikuwa limechemka, na Sabohat akalinyanyua akalielekeza kwenye beseni.

"Ala! Unamwogesha au unampika supu? Tia baridi kwanza. Tia kiwiko chako. Kama vile ungeosha mtoto."

"Sijawahi kuosha mtoto," akasema.

Alilisema upesi, akaendelea kumimina. Mimi nikajifanya natafuta sabuni.

Sabuni ilikuwa ya vyombo, ile ya maji, kidogo tu. Beseni tuliliweka chini karibu na ukuta, mlango tukaufunga, tukambandika Muhayyo hapo kama komeo. Maji yalikuwa ya kina cha kiganja. Tukamvua soksi, tukamtia. Kucha zikateleza kwenye bati, krrr, akaona hana ardhi, akaruka. Alipanda mkono wa Sabohat, bega, kichwa, akatua kwa Muhayyo, na Muhayyo, ambaye sijawahi kumwona akiruka, aliruka.

"Ananiua! Mtoeni! Shali yangu!"

"Shikilia mlango, wifi! Mlango!"

Tulimtoa chini ya sanduku. Sabohat alikuwa anatokwa damu mkononi wala haoni. Alizunguka chumba, akavuta taulo zee, akalitandika ndani ya beseni chini kabisa. Kisha akachukua foronya, ile kubwa isiyojazwa pamba bado, akamtumbukiza paka humo, akakusanya mdomo wa foronya shingoni mwake, kichwa nje. Akamrudisha majini. Safari hii miguu ilikamata taulo, na kucha zikabaki ndani ya kitambaa. Pahta akasimama mle ndani ya mfuko wake anatutazama kwa chuki.

"Haya," akanong'ona Sabohat. "Haya mama. Haya pamba yangu."

Tulimsugua juu ya foronya, kitambaa chenyewe kikafanya povu. Mimi nilichota maji kwa kikombe na kuyateremsha mgongoni polepole, shingo kushuka chini, kichwani hata tone. Uso tuliupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, masikio tukayaacha. Maji yakawa meusi, tukamwaga. Tukatia mengine, yakawa ya kahawia. Tukatia mengine. Sabohat kila tulipobadilisha alikuwa ananusa unyoya. "Bado. Bado. Inanuka bado. Tia tena." Mwishowe akanusa, akafumba macho. "Sabuni tu," akasema. "Nasikia sabuni tu." Tukamsuuza mpaka povu likaisha, maana sabuni nayo ataila.

Alipotoka kwenye foronya hakuwa paka tena. Alikuwa panya mrefu mwenye macho makubwa. Anatetemeka mpaka meno yanagongana. Na umeme hakuna mpaka jioni, na dirishani barafu imeota kwa ndani.

"Ataganda," Sabohat akaanza tena. "Tumemwokoa na oili sasa ataganda. Taulo! Lingine! Wifi, sandali yako ina moto?"

"Imezimika. Nilikuwa huku nachanwa."

Sandali ni ile meza fupi juu ya shimo la makaa, na mfarishi mkubwa unatandazwa juu yake, watu mnaingiza miguu chini. Ya Sabohat ilikuwa baridi vilevile, yeye hakai, ya nini. Lakini wakati huo Hikmatullo alibisha mlango, amebeba seredani yake ya uani na gunia la makaa mazuri ya mti wa aprikoti wa kwetu, ule wa matunda madogo ya manjano. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yake. Akayawasha palepale kibarazani, akapepea, akarudi kwake kulifunika beseni. Nilimwona kwa macho yangu akiweka bati juu yake na jiwe juu ya bati.

Makaa ya sandali hayaingii ndani mpaka yaive. Hilo kwetu hata mtoto anajua. Unayaacha nje yawake yote, weusi uishe, yavae jivu jeupe, ndipo unayateremsha shimoni. Mimi nilikuwa nimempakata Pahta mwisho wa chumba, namkausha kwa taulo na kumchana, nimeupa mlango mgongo. Nilimsikia Sabohat anatoka. Anaingia. Anatoka. Anaingia.

"Yameiva?" Muhayyo akauliza.

"Yameiva."

"Mara hii?"

"Yameiva nimesema, wifi, paka anakufa baridi!"

Nikasikia koleo, nikasikia makaa yakimwagika shimoni. Mfarishi ukatandazwa. Joto likaja, zuri, na mimi miguu yangu ilikuwa imeshakufa ganzi kwa zile kandambili. Tukamlaza Pahta kwenye taulo kavu chini ya mfarishi, pembezoni mwa shimo, tukaingiza miguu, tukamimina chai.

Sabohat hakuimaliza hata funda moja. Akainua pindo la mfarishi, akachungulia. Akafunika. Akainuka akaenda dirishani. Akarudi, akainua tena.

"Funika! Joto linatoka," nikamwambia.

"Nataka kumwona tu."

"Umeshamwona. Hajaota pembe."

"Bado anatetemeka."

"Na wewe ukiendelea kumpepea atatetemeka mpaka arusi ya Nigina. Funika, ukae."

Akakaa. Akainuka. Akainua pindo. "Ameacha kutetemeka," akasema.

"Si unaona? Amepata joto. Amelala," akasema Muhayyo, huku akipiga miayo mpaka machozi. "Kaa sasa, wifi, unanitia kizunguzungu. Kichwa kinanigonga kwa sababu yako." Akamshika gauni, akamvuta chini, na uzito wote ule ukamkalia pindo la nguo. Sabohat akakaa kweli. Magoti yanacheza chini ya mfarishi, kikombe kinalia kwenye kisahani, lakini alikaa. Mimi nikaegemea ukuta. Kichwa kilikuwa kinanigonga na mimi, nikasema ni mbio za theluji. Chumba kilikuwa kimya na kitamu.

"Hakoromi," akasema Sabohat.

"Nani?"

"Pahta. Akilala hukoroma. Usiku mzima hukoroma. Mbona hakoromi?"

"Amechoka. Kaa."

"Hakoromi, dada Oyniso."

"Kaa, Saboh..."

Hakunyanyua pindo. Aliung'oa mfarishi mzima, vikombe, mkate, sukari, birika, vyote vikaruka hewani, na gauni lake likachanika palepale lilipokuwa chini ya Muhayyo. Nikatazama shimoni. Makaa nusu yake yalikuwa meusi bado, na juu yake vilikuwa vinacheza vile vimoto vya buluu, vidogo, vizuri kuvitazama, vinavyotoa ule moshi usioonekana. Na Pahta amelala pembeni, ulimi nje. Sabohat alipomwinua, kichwa kilining'inia upande mmoja na miguu upande mwingine, kama soksi iliyofuliwa.

"Makaa mabichi!" nikapiga kelele. "Nje! Tokeni wote nje!"

Niliinuka, ukuta ukainama. Nilimkokota Muhayyo kwa shali. Alifika kibarazani, akatapika kwenye theluji, akakaa papo hapo. Hewa ya baridi iliniingia kifuani kama kisu, na sijawahi kuipenda baridi kama siku ile.

Sabohat alikuwa anazunguka ua. Soksi tupu kwenye theluji, gauni limepasuka mpaka pajani, anakwenda, anageuka, anakwenda, Pahta amemfunika mwili kwenye shali, pua ameiacha nje kwenye hewa. Anampuliza puani, anamsugua mbavu. "Pumua. Pumua we. Nilisema yameiva. Niliona hayajaiva nikasema yameiva. Pumua."

"Simama tumwangalie!"

"Nikisimama atakufa!"

Hilo halina akili. Nikatembea naye, bega kwa bega, tunakanyaga theluji ileile, mimi nasugua miguu ya nyuma, yeye mbavu. Manyoya yalikuwa karibu makavu, meupe tena, yananukia sabuni. Nilifikiri, tumemsafisha vizuri tumzike.

Kisha mguu mmoja ulivutika mkononi mwangu.

"Tena," nikasema. "Sugua tena!"

Pahta akakohoa. Kidogo, kama mtu aliyemeza chai vibaya. Akafungua kinywa, akavuta hewa, akakohoa tena. Jicho moja likafunguka, halioni kitu, likaanza kuona. Likamwona Sabohat. Akajikunja, akatoa kucha zote alizobakiwa nazo, akamkwaruza shingoni, akaruka chini, akaanguka upande, akainuka, akayumba kama mlevi mpaka ndani. Mlango na madirisha tulikuwa tumeshavifungua. Tulimkuta juu ya sanduku, juu ya mifarishi ya Nigina, juu kabisa, kwenye atlasi nyeupe.

Sabohat alinitazama. Damu shingoni, miguu myekundu. "Dada, mfarishi wako..."

"Mwache alipo," nikasema. "Mguse tu uone nitakavyokufanya."

Pahta akapona. Lakini kwa Sabohat hakuja. Alikula akiwa peke yake, na Sabohat akiingia yeye anapanda sanduku. Siku zile zilikuwa mbaya kuliko ile ya oili. Sabohat alitembea mpaka Muhayyo akahamishia godoro lake chumba cha nyuma asisikie nyayo. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta, ndani, nje, ndani. Makaa alikuwa akiyawasha uani na kuyasimamia kwa koleo mkononi hadi yawe meupe yote, na yakiwa meupe anayageuza tena atafute doa jeusi. Muhayyo alilalamika kwamba wanakula chakula kimepoa wakisubiri makaa ya wifi yake. Nikimwita Sabohat aje kwangu ale supu anasimama mlangoni na bakuli, anakunywa wima, anarudi mbio, labda Pahta ameshuka.

Nikaacha kudai mifarishi. Siku moja nikaona hapana, arusi haisubiri paka, nikaenda. Nilibisha, hakunijibu. Nikaingia.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, dirisha liko wazi kidole kimoja nyuma yake. Chai yake imeota utando. Pahta amelala mapajani, anakoroma kama mashine ya cherehani.

"Lini?" nikanong'ona.

"Tangu asubuhi. Dada, sijala. Sijaenda chooni. Mifarishi yako tayari, ile pale, ichukue mwenyewe."

Niliishusha mmoja mmoja. Kwenye ule mweupe kulikuwa na doa hafifu la rangi ya chai, dogo, la mguu wa paka, karibu na pindo. Sabohat aliliona nilipoliona.

"Nitakushonea mwingine," akasema, akaweka kiganja sakafuni ainuke. Pahta alifungua jicho moja.

"Wewe kaa hapo," nikamwambia.

Akakaa. Nikajitwika mifarishi ya binti yangu kichwani, nikamsogezea mkate kwa mguu mpaka ulipofikia mkono wake, nikatoka.